Donge la Mkaguzi

Mkaguzi alipata cheo chake akiwa bado mtoto wa mbwa, na hakukiomba. Kila mgeni aliyeingia uani kwa Zebedayo alinuswa viatu, halafu mfuko, halafu mfuko tena, kisha mbwa akaketi kando na sura ya mtu ambaye taarifa yake haitampendeza mwalimu mkuu. Tusekile, binti wa nyumba ile, alikuwa anasoma shule ya bweni na aliwajua wakaguzi kwa uchungu wa masanduku yaliyofunguliwa na karanga zilizokamatwa. Ndiye aliyempa jina hilo. Kabla yake aliitwa Simba, kama nusu ya mbwa wa wilaya.

Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, masikio yamesimama, mbavu zinahesabika, na alikuwa na udhaifu mmoja usiomfaa mtumishi wa umma: alipenda vitamu. Ndizi iliyoiva, uji wenye sukari, na zaidi ya vyote kakao. Nyumba yao ilikuwa upande wa Ngonga, wilayani Kyela, ambako ukifungua mlango wa mbele unaona mpunga na ukifungua wa nyuma unaona kakao, kwa hiyo hakuhangaika. Kakao ilipovundikwa chini ya majani ya migomba, yeye ndiye aliyelamba maji matamu yanayochuruzika. Ilipoanikwa kwenye turubai, yeye ndiye aliyelala pembeni kuilinda dhidi ya kuku na wezi, na hakuna mlinzi wa ghala asiyeonja mali ya tajiri wake.

Siku ya kwanza alipoanguka, wanakwaya walikuwa uani wakinywa chai. Ilikuwa likizo ya Juni, Tusekile yuko nyumbani, na kwa muda mfupi alidhani ni mchezo. Mkaguzi alilala ubavu, miguu ikapiga kasia hewani, meno yakagongana, povu likamtoka. Mwimbaji wa besi, mtu mzito na mwenye heshima zake, alionekana juu ya meza ya kuanikia kakao bila yeyote kumwona akipanda.

"Kichaa hicho!" alipiga kelele Anyelwisye, jirani yao, mwanamume aliyekuwa na jembe mkononi saa zote, hata kwenye chai. "Zebedayo, mbwa wako ana kichaa! Sogeeni, nimmalize!"

Tusekile alikuwa amekwisha kusimama katikati, miguu imetanuka, mbwa akiwa nyuma yake.

"Tuse! Toka hapo!" baba yake alifoka.

"Akimpiga yeye anipige na mimi, baba."

"Huyu mtoto mmempeleka shule kujifunza nini?" Anyelwisye aliwauliza wanakwaya.

Wakati wakibishana, Mkaguzi aliinuka. Aliyumba kama mtu aliyetoka kilabuni, akatazama huku na huku, akatembea polepole hadi kwa Anyelwisye, akamnusa viatu. Kisha mfuko.

Hilo ndilo lililomwokoa. Zebedayo alisema mbwa afungwe kwenye mgomba na bwana mifugo aitwe.

Bwana mifugo wao aliitwa Aliko. Alikuja na pikipiki asubuhi iliyofuata, buti zina tope la zizi la mtu mwingine, maana kazi yake hasa ilikuwa ng'ombe na nguruwe. Mbwa aliwaona mara moja kwa mwaka, siku ya chanjo. Paka hakuwaona kabisa. Alisema paka wa Kyela hufa bila kumsumbua mtaalamu.

"Shikamoo, bwana mifugo."

"Marahaba, mwanangu. Huyu alichanjwa?"

"Ulimchanja wewe mwenyewe. Alikunusa."

"Nakumbuka. Alininusa mpaka nikaona aibu." Alichuchumaa mbali kidogo, akamtazama mbwa kwa muda mrefu, akamwekea maji, akaona anayanywa, akamrushia ndizi, akaona anaila. "Mzee Zebedayo, huyu hana kichaa. Mwenye kichaa akianguka hainuki akaomba ndizi. Mfungeni tumwangalie siku kadhaa kwa usalama, lakini mimi naona ni kifafa."

"Mbwa naye ana kifafa?"

"Anacho. Na presha anayo, na sukari anayo. Tofauti ni kwamba hana bima."

Siku za kumwangalia zilipita salama na Aliko akarudi na dawa. Ilikuwa ile ile wanayopewa watu wenye kifafa, ameinunua duka la dawa la mjini. Ili kujua kipimo ilibidi mbwa apimwe uzito, na mzani pekee uliokuwepo ulikuwa wa kakao. Mkaguzi akatiwa ndani ya gunia, kichwa nje, akaning'inizwa kwenye boriti huku akiangalia namba kwa makini, kana kwamba anashuku mzani umechezewa.

"Unampima kavu au mbichi?" Zebedayo aliuliza, kama anavyomuuliza kila mnunuzi wa kakao.

"Mbichi, mzee. Hebu ona ulimi."

Walicheka wote. Tusekile alicheka kuliko wote. Baadaye, kila alipokumbuka kicheko kile na gunia la kakao lililoning'inia kwenye ndoano ya mzani ule, mbwa akiwa ndani, alitamani angalau mmoja wao angenyamaza.

Dawa ilikuwa chungu na Mkaguzi hakuwa mjinga. Waliificha ndani ya ugali. Alikula ugali, akaacha kidonge kimeng'aa pembeni ya sahani kama kimeoshwa. Waliificha ndani ya samaki. Samaki alikwenda, kidonge kikabaki. Baba alijaribu kumfungua kinywa kwa nguvu, akatoka na alama za meno na maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyajua. Mama alisema basi tumwachie Mungu.

Tusekile hakumwachia. Bwenini alikuwa mtaalamu wa kupitisha vitu vilivyokatazwa: alishawahi kuingiza sambusa ndani ya kitabu cha nyimbo. Kidonge kimoja kingemshinda vipi? Alichukua mbegu za kakao zilizokauka, akazikaanga hadi zikatoa harufu ya kumtoa mtu usingizini, akazimenya, akazitwanga kwenye kinu mpaka zikatoa mafuta, akachanganya na ndizi mbivu na sukari kidogo. Akafinyanga donge la ukubwa wa yai. Katikati akazika kidonge.

Mkaguzi alilitazama donge. Alimtazama Tusekile. Kisha hapakuwa na donge.

"Azimio limepita," Tusekile alitangaza, "bila kupingwa."

Aliko alipokuja kuangalia maendeleo alionyeshwa uvumbuzi ule. Alionja donge moja lisilo na kidonge, akatafuna macho yakiwa yamefumba, akaomba la pili. "Wewe binti," alisema, akijifuta vidole, "ukimaliza shule njoo tufanye kazi pamoja. Mimi nimesomea dawa, lakini dawa isiyomezwa ni kokoto tu."

Tusekile hakuwa amewahi kusifiwa namna ile na mtu mwenye vyeti. Alitembea juma zima akiwa mrefu.

Na kweli mwanzoni Mkaguzi alipoa. Alilala sana, akawa kama mzee aliyestaafu. Halafu akaanza kunywa maji kama anayejaza pipa, na kukojoa kila mahali, na kuzunguka uani akihema bila sababu. Tusekile alimpigia simu Aliko.

"Ni dawa," alisema Aliko. "Ile dawa huwapa kiu, iko kwenye kitabu. Usiogope. Anaanguka?"

"Jana ameanguka. Na leo mchana."

"Basi kipimo ni kidogo. Ongeza nusu."

Akaongeza. Na kwa sababu kidonge kilichoongezeka kilihitaji pa kukaa, akaongeza na donge. Mkaguzi alilisubiri asubuhi na jioni mlangoni pa jiko, mkia unafagia vumbi. Alikuwa akianguka mara nyingi kuliko kabla ya kutibiwa, na kila alipoanguka Tusekile alikaa chini, akamkinga kichwa kisigonge jiwe, akamwambia maneno ya kumtuliza. Alipozinduka, ili kumfariji, alimpa kidonge chake kabla ya saa yake. Ndani ya donge.

Mwisho wa likizo ulikaribia, na mwisho wa subira ya kijiji pia. Jumapili moja Mkaguzi aliwafuata kanisani, akaangukia mlangoni wakati watoto wa Sunday school wanatoka. Hakumgusa mtoto yeyote, lakini watoto walikimbia hadi kwenye majaruba ya mpunga wakiwa na nguo zao za Jumapili. Jioni Anyelwisye alikuja na wazee wawili na jembe lake.

"Zebedayo, tunakuheshimu," alisema. "Mbwa aondoke, au tutamwondoa sisi."

"Nimesikia," alijibu baba. Alipoingia ndani alimkuta Tusekile akifunga sanduku la shule. "Mwanangu, wewe kesho kutwa unaondoka. Nani atampa dawa? Nani atasimama mbele yake? Mimi siwezi kugombana na majirani zangu kwa ajili ya mbwa."

"Nipe siku moja, baba."

Alimpigia simu shangazi yake. Shangazi Marta, dada wa baba, alikuwa ameolewa Ikombe, kule ziwani ambako hufiki ila kwa mtumbwi, na alikuwa mfinyanzi kama wanawake wote wa kule. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa.

"Mlete Matema siku ya soko la vyungu," alisema shangazi. "Nitarudi naye. Huku kuna samaki. Akifa, mchanga upo."

Basi huko Matema Mkaguzi alipanda mtumbwi pamoja na vyungu ambavyo havikununuliwa, na bahasha ya vidonge, na Tusekile akabaki ufukweni akimpungia mkono. Madonge hakumpa shangazi, maana yasingedumu. Shangazi alisema atatumia usipa, dagaa wa ziwani. Huku, alisema, kila kitu humezwa pamoja na usipa.

Shuleni, Tusekile alifanya kile ambacho mwanafunzi mwenye huzuni na tabia yake angefanya. Usiku wa kwanza, wakati wa sala za bweni, alisimama na kuomba wenzake wamwombee Mkaguzi, mgonjwa wa kifafa, aliyeondolewa kazini na kuhamishiwa mwambao mbali na jamaa zake. Alisema kwa sauti inayotetemeka. Wasichana wawili walilia. Kufikia mwisho wa juma matroni alikuwa amemwita ofisini.

"Pole sana, Tusekile. Huyu Mkaguzi ni nani wako?"

"Tumelelewa pamoja, matroni. Ni kama mdogo wangu."

"Na ana familia?"

"Hapana. Kazi ilimbana."

Matroni, mama mwenye moyo mwepesi, alimruhusu kutumia simu ya ofisi kila Jumamosi ili apate habari za mgonjwa. Tusekile aliutumia udanganyifu ule muhula mzima bila kuona haya, na habari zilikuwa nzuri. Mwezi wa kwanza shangazi alisema ameanguka mara moja tu, wiki ile alipofika. Mwezi wa pili alisema hajaanguka. Mwezi wa tatu alisema vidonge vimekwisha kitambo.

"Vimekwisha? Shangazi! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Mbwa mzima. Ananenepa. Anawanusa wateja."

Tusekile alimpigia Aliko. Aliko alishangaa, akasema kifafa wakati mwingine huja na kuondoka, akasema hewa ya ziwa, akasema utulivu. Mwishoni alikiri hajui. Lakini alikuwa na furaha, na furaha yake iliingia hata kwenye simu: "Likizo hii kamlete. Nitaongea na Anyelwisye mimi mwenyewe."

Desemba ilipofika hakukaa nyumbani hata siku mbili. Alinunua vidonge vipya, endapo vitahitajika. Halafu alikaanga kakao. Alitwanga asubuhi nzima, akiimba, akitia sukari zaidi ya kawaida kwa kuwa ilikuwa sherehe. Safari hii hakuweka kidonge ndani. Yalikuwa madonge ya furaha tupu, bakuli zima, yamefungwa kwa jani la mgomba.

Mtumbwi ulifika Ikombe asubuhi, jua bado liko upande wa milima. Mkaguzi aliutambua kabla haujagusa mchanga. Hakubweka, alipiga mayowe kama mtoto. Aliingia majini hadi kifuani, akamrukia, akamwangusha, akamkanyaga usoni, na alipomaliza mapokezi akakumbuka wajibu wake, akaingiza pua ndani ya mfuko.

"Umeiva!" Tusekile alimwambia, akimpapasa mbavu ambazo sasa hazikuhesabika. "Tazama tumbo hili! Shangazi, mmemfanya mwenyekiti wa halmashauri!"

"Ugonile," shangazi Marta alimsalimu kwa Kinyakyusa, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko. "Salimia watu kwanza, mbwa baadaye."

"Ndaga, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Umefunga nini humo?"

"Zawadi zake. Za kumkaribisha nyumbani."

Alimpa moja. Mkaguzi alifumba macho. Miezi yote ile ya usipa! Alimpa la pili, kisha la tatu, maana hakuna aliyekuwa anahesabu, na shangazi aliporudi kwenye chungu chake mbwa alikwisha kuingiza kichwa chote ndani ya jani. Tusekile alicheka, akamwachia.

Mchana walikula samaki. Mkaguzi hakula. Alikunywa maji, akazunguka nyumba, akanywa tena. Alitapika nyuma ya tanuri. Kisha akaanza kuhema, ulimi nje, akisimama na kukaa na kusimama, kama mtu anayesubiri kuitwa ndani kwa jambo baya. Tusekile alimwekea mkono kifuani. Moyo ulikuwa ukidunda kwa kasi ambayo haikuwezekana, kisha ukaruka, kisha ukadunda tena.

Jua likiwa bado juu, alianguka. Hakuwahi kuanguka namna ile. Mwili mzima ulikakamaa kama ubao, ukalegea, ukakakamaa tena kabla hajapata pumzi. Watoto wa jirani walikuja wakasimama mbali. Shangazi aliacha udongo, akapiga magoti upande wa pili wa mbwa.

"Alikuwa mzima," alisema. Hakuwa akilaumu, alikuwa akishangaa tu. "Alikuwa mzima mpaka leo asubuhi."

Tusekile alikimbia na simu hadi kwenye jiwe la ufukweni ambako mtandao hupatikana. Aliko alipokea akiwa kwenye kelele za nguruwe.

"Anaanguka! Haachi! Bwana mifugo, haachi!"

"Tulia. Tuse, tulia. Usimtie kitu mdomoni. Leo amefanya nini ambacho hakufanya jana?"

"Hakuna. Nimekuja tu."

"Amekula nini?"

"Hajala. Amekataa samaki. Amekula yale madonge tu niliyomletea."

"Yenye dawa?"

"Hayana dawa. Kakao tu na ndizi."

Kelele za nguruwe zilififia, kana kwamba Aliko anasogea mbali nazo.

"Chokoleti," alisema Aliko taratibu.

"Nini?"

"Chokoleti ni sumu kwa mbwa. Ilikuwa kwenye mtihani, chuoni. Wanatakiwa wasipewe hata kipande, inawapa kiu, inawatetemesha, inaupeleka moyo mbio. Nilijibu. Nilipata. Nilijibu vizuri, Tuse. Lakini mimi nilikuwa nafikiria ile ya kwenye karatasi inayong'aa, ya dukani, ya Wazungu na mbwa wao. Kakao ni kakao. Kakao tunaianika. Nimekaa uani kwenu nikala madonge yale, nikamwangalia mbwa akila, na nikakuambia uongeze."

Tusekile alikuwa anayaona madonge yote, moja moja, tangu la kwanza.

"Sikiliza," Aliko alisema. "Tutalia baadaye. Vidonge unavyo?"

"Ninavyo."

"Akipata nafuu katikati, akiweza kumeza vizuri, saga kidonge kwenye maji, mpe kidogo kidogo pembeni ya mdomo. Kwa maji matupu. Saga mkaa pia, unanyonya sumu, mpe vilevile. Mweke kivulini, mlowanishe, pasiwe na kelele. Na umtoe akojoe kila akiweza kusimama, sumu inatokea huko. Mimi natafuta njia ya kuja."

Shangazi alikuwa amekwisha kumbeba Mkaguzi hadi kibanda cha kukaushia vyungu, mahali penye giza na ubaridi, akamlaza katikati ya vyungu vibichi kana kwamba naye ni kimoja. Alisaga mkaa kwa jiwe. Tusekile alisaga kidonge. Palipotokea utulivu mfupi alikinyunyiza pembeni ya meno yake, tone kwa tone, na Mkaguzi akameza bila kupinga ile dawa chungu aliyoikataa nyumbani kwa ujanja wote. Ilikuwa mara ya kwanza kuipata kutoka mkononi mwake bila sumu.

Alitetemeka hadi jioni. Kulipokucha alikuwa hai.

Aliko alifika siku ya soko, mtumbwi ukiwa umemtapisha, buti kashika mkononi. Hakutania. Alimsikiliza mbwa kifuani kwa kifaa chake, akarudia, akasogeza, akarudia tena, kama mtu anayetarajia jibu libadilike.

"Moyo umeumia," alisema mwishowe. "Unaruka. Akikaa vizuri anaweza kuishi miaka. Akipata nyingine kama hii, hata nusu yake, hatavuka."

"Sitampa tena," alisema Tusekile. "Sitampa kamwe. Nitamwambia kila mtu asimpe."

"Najua hutampa."

"Basi twende naye nyumbani."

Aliko alikaa juu ya chungu kilichopinduliwa, shangazi akamwangalia kwa jicho la onyo, akahamia chini. "Mwanangu, kabla hujampa donge hata moja alishaanguka mbele ya wanakwaya. Kakao alijitafutia mwenyewe. Nyumbani kwenu kakao iko wapi?"

Tusekile alitaka kujibu kwa mzaha na mzaha haukuja. Iko wapi? Iko kwenye turubai, kwenye masanduku ya kuvundika, kwenye magunia chini ya kitanda cha baba. Iko kwa Anyelwisye. Iko kila uani mpaka mtoni, na barabarani msimu ukikolea, imeanikwa hadi mlangoni pa kanisa.

"Tutamfunga," alisema.

"Maisha yote?"

"Kamba ndefu."

"Mbwa ni wako," alisema Aliko. "Mimi sina uso wa kukuamulia. Nimeshakuamulia vya kutosha."

Tusekile alimpigia baba yake simu pale kwenye jiwe. Zebedayo alisikiliza yote, akasema jambo ambalo Tusekile hakulitegemea: kwamba ataweka uzio kuzunguka kakao, kama binti yake anataka. Alikuwa anasema kweli. Lakini wote wawili walikuwa wakiijua kakao ile, na mbwa yule, na kuku, na watoto wa jirani wenye mikono ya ukarimu, na Tusekile akajisikia akisema, "Hapana, baba. Abaki."

Siku ya kuondoka alitaka kwenda kimyakimya, Mkaguzi akiwa amelala kivulini. Hilo nalo halikuwezekana. Alipokuwa anaingia mtumbwini alisikia maji yakirushwa, na mbwa akapanda mwenyewe, dhaifu, mkia chini, akakung'uta maji juu ya abiria wote na kuketi juu ya miguu ya Tusekile, uso ameuelekeza Matema.

"Abiria wa mwisho kafika," alisema mpiga kasia. "Twende?"

Tusekile alimbeba, akashuka naye, akamweka mchangani. Akarudi. Mkaguzi akarudi pia. Alimtoa tena, na safari hii hakuweza kumtazama machoni, kwa kuwa alijua anaonekana kama mtu anayecheza, na mbwa alikuwa tayari kucheza siku nzima.

"Nimfunge?" shangazi aliuliza.

"Mfunge, shangazi."

Wakati kamba inapitishwa shingoni, Mkaguzi aliugusa mkono wa Tusekile kwa ulimi. Alimlamba kiganja, akamlamba kati ya vidole, kwa utulivu na makini, akitafuta. Hakuwa na kinyongo. Angempa donge jingine dakika ile angelila na kufumba macho. Tusekile alimwachia amalize kutafuta, kisha akafunga ngumi.

"Ndaga fijo, shangazi," alishukuru.

"Nenda. Usigeuke, utamtesa."

Alijitahidi. Alitazama mgongo wa mpiga kasia, akatazama maji, akasikia kubweka kumeanza na kuendelea. Aliko, aliyekaa mbele yake, hakuinua kichwa. Walipokaribia kuizunguka miamba Tusekile aligeuka. Kamba ilikuwa imenyooka hadi mwisho wake, na mbwa alikuwa amesimama ndani ya maji.